Shangazi, huu mkate wa kahawia ni wa kweli au ni rangi tu?

Swali

Shikamoo Shangazi. Naomba unisaidie kabla sijagombana na watu wote wa nyumbani.

Naishi Uyole, Mbeya. Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka minne na nusu, ameanza chekechea mwaka huu. Wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane, bado ananyonya usiku. Mimi nauza mitumba Mwanjelwa, mume wangu anaendesha bajaji, kwa hiyo asubuhi kwetu ni mbio. Saa kumi na mbili na nusu mtoto anatakiwa awe ameshakunywa chai, na cha kula saa nne kiko kwenye kontena lake. Ndiyo maana mkate umekuwa mkombozi wangu. Hauhitaji kuwasha moto: unatoa slesi, unapaka, mnaondoka.

Tatizo lilianza na choo. Binti yangu akawa anakaa siku mbili tatu hajaenda, na akienda analia. Mwalimu wake akaniambia niache mkate mweupe, ninunue wa brauni. Nikahamia huo. Bei yake iko juu ya ule mweupe, na kwa hali yetu hizo mia tano mia tano mwisho wa mwezi zinaonekana, lakini nikasema ni kwa ajili ya mtoto. Choo hakijabadilika sana. Juzi jirani yangu ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate akaniambia nimeliwa, mingi ya mikate hiyo ni unga uleule mweupe uliotiwa rangi. Nikaloweka slesi moja kwenye bakuli la maji, maji yakawa ya kahawia. Sasa sijui hiyo inathibitisha nini.

Mume wangu anasema nirudi kwenye mkate mweupe na siagi, tuache kupoteza hela. Mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu mwezi uliopita akitokea Tukuyu, anasema mkate si chakula cha mtoto hata kidogo, wao walilea kwa ndizi, maharage na maziwa. Na amenitisha kuhusu huyu mdogo, eti pumba zinakwangua utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Wifi yangu wa Iringa naye ananiambia nisage ngano mashineni nioke mwenyewe. Binti mwenyewe anautafuna huo wa kahawia shingo upande, anasema una mchanga, anakula katikati anaacha pembeni. Wote wawili wanapenda kuuchovya kwenye chai ya rangi.

Nijibu Shangazi: nitaujuaje mkate wa ngano nzima wa kweli? Mdogo nimpe au nisimpe? Inafaa kuhangaika nao, au nirudi kwenye mweupe? Halafu lingine dogo: mkate ukianza kuota ukungu kona moja, mama mkwe anakata pale anatupa, uliobaki tunakula. Ni sawa?

Mama wa wawili, Uyole

Majibu

Marahaba mwanangu. Jirani yako hajakudanganya, ila amewajumlisha waoka mikate wote kwenye kapu moja. Wapo wanaooka kwa ngano nzima, wapo wanaochanganya, na wapo wanaotia rangi. Kwa kuangalia kahawia peke yake huwezi kuwatenganisha.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Kuna ganda la nje, ambalo ndilo pumba. Kuna kiini kidogo, ambacho ndicho kingeota kuwa mmea. Na kuna sehemu kubwa nyeupe ya katikati, ambayo karibu yote ni wanga. Ili kupata unga mweupe, kinu huondoa pumba na kiini, na kinachobaki ni kama robo tatu ya punje. Wewe hili unalijua kwa mahindi, ni habari ya sembe na dona, na mkate wa ngano nzima ni dona ya ngano. Kwenye pumba na kiini ndiko iliko sehemu kubwa ya makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na ya madini ya chuma, zinki na magnesi. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina makapimlo takribani gramu 11. Za unga mweupe zina kama gramu 3. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia, kwa hiyo una haki ya kujua kama kweli umeipata.

Rangi ya kahawia inaweza kutoka kwenye pumba, au kwenye karameli, ambayo ni sukari iliyounguzwa, au kwenye molasesi. Karameli haitamdhuru mtoto, lakini haimpi chochote kati ya hivyo ulivyokuwa unamtafutia. Lile jaribio la maji liache. Mkate wa ngano nzima nao ukilowa huachia rangi na chembe kwenye maji, kwa hiyo bakuli lako halikuweza kukwambia lolote.

Kinachosema ukweli ni orodha ya viambato nyuma ya mfuko. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilichotumika kingi zaidi kinatangulia. Mifuko mingi imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo shika maneno haya mawili. Ukiona orodha inaanza na "whole wheat flour", huo ni unga wa ngano nzima. Ukiona "wheat flour" tu, bila hilo neno la mbele, huo ni unga mweupe, hata kama mbele ya mfuko kumechorwa masuke na shamba zima la ngano. Mara nyingi utakuta unga mweupe umetangulia, halafu pumba zinafuata mbali huko karibu na chumvi. Hapo ujue ni mkate mweupe uliorudishiwa pumba kidogo. Makapimlo yameongezeka kiasi, kiini hakipo. Maneno "nafaka mchanganyiko" nayo hayakuhakikishii kitu, maana nafaka tano zinaweza kuchanganywa zote zikiwa zimekobolewa. Mbegu zilizonyunyizwa juu ni pambo zuri tu.

Kama mfuko una jedwali la virutubishi, tafuta mstari wa makapimlo, ambao kwa Kiingereza huandikwa "fibre", kwa kila gramu 100. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, vinaruhusu chakula kuitwa chanzo cha makapimlo kikifika gramu 3, na chenye makapimlo mengi kikifika gramu 6. Mkate wa kahawia unaokaa kwenye 2 na ushee ni mkate mweupe uliovaa nguo nyingine. Hapohapo angalia sukari imeandikwa ya ngapi. Mikate yetu mingi ni mitamu kupita kiasi, na sukari ikiwa ya pili au ya tatu kwenye orodha, urudishe rafuni.

Najua utaniambia, Shangazi, mkate wa dukani kwetu unakuja kwenye nailoni nyeupe haina hata orodha. Kwanza, mkate wa kiwandani unatakiwa uwe na jina la mtengenezaji, viambato, na tarehe za kutengenezwa na kuisha. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, na lina ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, kwa hiyo ukiwa na shaka na mkate una pa kuupeleka. Pili, kama unaokwa jirani, nenda ukaulize. Usiulize "huu ni brauni?" maana jibu ni ndiyo. Uliza wanatumia gunia lipi, na kwa kila kilo kumi za unga mweupe wanaweka kilo ngapi za atta, yaani unga wa ngano nzima. Mwokaji mwenye mkate wa kweli atakuonyesha gunia bila kusita, na wengi watakwambia wanachanganya nusu kwa nusu. Huo si wizi. Pumba hukata zile nyuzi za unga zinazoshikilia hewa, kwa hiyo mkate wa ngano nzima tupu hauumuki sana, unakuwa mzito na mfupi. Mimi kwa mtoto wa miaka minne nusu kwa nusu ningeipokea kwa mikono miwili.

Sasa huyu mdogo. Pumba hazikwangui utumbo, hilo mwambie mama mkwe kwa adabu. Lakini usimpuuze, kwa sababu kuna jambo la kweli ndani ya hofu yake. Tumbo la mtoto wa mwaka na nusu ni dogo sana. Ukilijaza vyakula vyenye makapi mengi, anashiba kabla hajapata nguvu na virutubishi anavyohitaji kwa siku. Tena ndani ya pumba kuna kiambata kiitwacho fitati, ambacho hushika madini ya chuma na zinki yakapita bila kuingia mwilini. Kwa mtoto anayekula vyakula vingi tofauti si tatizo. Kwa mtoto ambaye mkate ndio mlo wenyewe, ni tatizo. Kwa hiyo mpe, lakini uwe wa pembeni: nusu slesi, au slesi moja akiwa na njaa, umeikata vipande virefu vyembamba vya kushika mkononi, akiwa amekaa na kuna mtu anamwangalia. Mkate laini mweupe ndio hasa unaofinyangika na kuganda juu ya kinywa, kwa hiyo asiachwe anakula huku anakimbia. Na hayo maziwa ya usiku endelea nayo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi.

Uchachushaji hupunguza fitati. Mkate ulioumuka polepole kwa saa nyingi ni bora kuliko ulioharakishwa kwa saa moja. Nitarudi hapo nikifika kwa wifi yako.

Lakini mwanangu, katika barua yako nzima kilichonishtua zaidi si mkate. Ni ile sentensi ya mwisho kabla ya maswali, ya kuchovya kwenye chai ya rangi.

Majani ya chai yana tanini, na tanini nayo hushika madini ya chuma ya kwenye nafaka na maharage kama zifanyavyo hizo fitati. Huyu wa miezi ishirini yuko kwenye umri ambao ubongo unakua kwa kasi na damu inahitaji chuma kila siku. Umemnunulia mkate wa bei ya juu ili apate madini, halafu chai inayazuia yasiingie. Na kikombe cha chai yenye sukari kinajaza tumbo lake dogo kwa maji matamu. Najua tunaishi kwenye nchi ya chai. Kuanzia Rungwe mpaka Mufindi tumezungukwa na mashamba yake, na mtoto asipopewa chai mgeni anaona umemnyima. Hata hivyo wanao hawa wawili waondoe kwenye chai ya rangi kabisa, na hata ya maziwa waipumzishe. Wachovye kwenye maziwa yaliyochemshwa, au kwenye uji, au wanywe maji ya uvuguvugu. Wewe na baba yao chai yenu mkiisogeza mbele saa moja baada ya kula, nanyi mtafaidika. Halafu tafuta tunda lenye vitamini C likae karibu na mkate: kipande cha chungwa, pera, papai, hata nyanya. Hiyo hufanya kinyume cha tanini, inausaidia mwili kuvuta chuma ya kwenye nafaka.

Nitakwambia kwa nini nasema kwa uchungu. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, anakokaa wifi yako, ilikuwa karibu asilimia 57, ya juu kuliko mikoa yote. Njombe na Rukwa zilikuwa karibu na nusu ya watoto. Ni mikoa hii hii inayolisha nchi kwa mahindi, viazi na maharage. Penye miti hakuna wajenzi. Sababu za udumavu ni nyingi, yamo magonjwa ya kuhara, maji, na akina mama kuelemewa na kazi mpaka mtoto anashinda na alichoachiwa. Lakini mojawapo iko juu ya meza zetu za asubuhi na jioni: wanga umejaa sahani, na vingine havipo. Mkate na chai ya sukari ni mlo wa namna hiyo, uwe wa kahawia au mweupe. Sikulaumu hata kidogo, anayeamka gizani kuandaa kontena la mtoto hastahili lawama. Nataka tu jasho lako liende kunakolipa.

Ndiyo maana jibu langu kwa mumeo ni hili. Kama mkate wa kahawia unaonunua hauna unga wa ngano nzima mwanzoni mwa orodha, au mwokaji anababaika ukimuuliza, rudi kwenye mweupe leo, na ile tofauti ya bei inunue parachichi na mayai. Mkate mweupe wenye parachichi na yai unamshinda mbali mkate wa kahawia uliochovywa kwenye chai. Na unga mweupe wa viwanda vikubwa si mtupu kama watu wanavyousema. Kanuni za urutubishaji zinavitaka viongeze madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, kwa hiyo tafuta mfuko unaosema umeongezwa virutubishi. Usichorudishiwa humo ni makapimlo na magnesi.

Hayo makapimlo ndiyo ya parachichi, na wewe uko Mbeya, si lazima nikueleze linapatikana wapi. Rungwe na Njombe zinayasafirisha hadi ng'ambo, huku watoto wetu wanapakiwa siagi ya kopo. Gramu 100 za parachichi, yaani kama nusu ya lile la wastani, zina makapimlo kama gramu 6 hadi 7, kuliko slesi mbili za mkate wa ngano nzima wa kweli. Chukua lililoiva, ambalo ukilibonyeza karibu na kikonyo linakubali kidogo. Liponde kwa uma kwenye kikombe, kamulia matone ya limao lisiwe jeusi kufikia saa nne, tia chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili au usitie kabisa. Paka mpaka ukingoni, kwa sababu binti yako anaacha pembeni. Siku ya pili maharage ya jana usiku, uliyoyaponda na kitunguu yakawa mazito, nayo yanakaa vizuri kati ya slesi mbili na hayamwagiki kwenye begi. Yai chemsha usiku. Karanga ya kusaga nayo ni nzuri, ipake nyembamba, isiwe donge, na karanga nzima mdogo asipewe kabisa maana zinapalia. Tena uchague karanga ambazo hazijakunjamana wala kuota ukungu kabla ya kusaga, kwa ajili ya sumukuvu. Hata dagaa waliokaangwa wakavu ukawatwanga, kijiko kimoja juu ya parachichi, mtoto hagutuki.

Kuhusu choo cha binti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 15 za makapimlo kwa siku. Slesi mbili za ngano nzima zinampa kama gramu 4. Kwa hiyo hata kama mkate wako ungekuwa wa kweli, peke yake usingemaliza kazi. Yanayobaki yatoke kwenye maharage, matunda na mboga. Na maji, mwanangu. Ukiongeza makapi bila kuongeza maji, choo kinazidi kukauka. Hali ya hewa ya Mbeya ni ya baridi, mtoto hasikii kiu, ni lazima umkumbushe.

Halafu kuna jambo moja umeliandika kwa kupita: ameanza chekechea mwaka huu. Watoto wengi wakianza shule hujizuia. Choo cha shule ni kigeni, kina foleni, au anaona aibu kuomba ruhusa. Choo kikikaa kinakauka, kikikauka kinauma, kikiuma anajizuia zaidi. Muulize taratibu, usimuulize akiwa amekaa chooni analia. Na umwamshe dakika kumi mapema ili akishakula akae kwenye poti, miguu ikiwa imekanyaga kigoda, bila kukemewa. Tumbo la mtoto huamka baada ya kula, ndio wakati wake. Ukiona damu, tumbo limejaa na kuuma, anatapika, anapungua uzito, au choo chepesi kinavuja kwenye chupi bila yeye kujua, mpeleke kituo cha afya, usingoje mkate ufanye kazi.

Wifi yako wa Iringa ana wazo zuri ambalo kwako linafaa Jumamosi jioni, si kila siku. Ngano inalimwa Makete na maeneo mengine ya Njombe, na punje zake zinapatikana sokoni. Ukiipata, ipepete, itoe mawe, ioshe na kuianika ikauke kabisa kabla ya kuipeleka mashineni. Saga kidogo kidogo. Kiini cha ngano kina mafuta, kwa hiyo unga wake huchacha upesi kuliko mweupe, na ukinusa harufu ya mafuta ya zamani usiutumie. Kumbuka pia kuwa unga wa mashine ya mtaani hauna vile virutubishi vya kuongezwa. Kwa sababu hiyo mimi napenda nusu kwa nusu hata ukioka mwenyewe: makapi kutoka kwenye ngano nzima, chuma na asidi ya foliki kutoka kwenye unga wa kiwandani.

Vikombe viwili vya atta au unga uliosaga, vikombe viwili vya unga mweupe, nusu kijiko cha chai cha hamira, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu. Sukari haina kazi hapa. Unga wenye pumba hunywa maji zaidi, kwa hiyo usiogope donge likiwa linanata kidogo. Likande, lifunike, liache jikoni usiku kucha. Hamira ni kidogo kwa makusudi, ili liumuke polepole. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Uyole italichelewesha, lisogeze karibu na jiko lililozimwa lakini bado lina joto. Asubuhi pumba zitakuwa zimelainika, na huo mchanga anaoulalamikia binti yako utapungua sana, maana anaousikia ni pumba kubwa ambazo hazijapata muda wa kulowa. Likunje, liweke kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, liumuke tena mpaka likaribie kujaa. Kisha weka sufuria hiyo ndani ya kubwa yenye mchanga chini, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Baada ya dakika arobaini hivi utoe, uupindue, ugonge kitako chake kwa kidole. Ukilia kama kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Usiukate wa moto.

Binti akiukataa, anza na robo ya atta, wiki nyingine theluthi, ndipo nusu. Na asione mnabishana juu ya mkate huo mezani.

Mama mkwe naye mpe nafasi yake. Asubuhi wewe unakimbilia Mwanjelwa, yeye yuko nyumbani na mdogo, na anajua kupika ndizi na maharage. Mtoto huyu hana kontena la kubeba, kwa nini ale mkate? Muombe amfanyie uji wa ulezi wenye maziwa. Ulezi una kalsiamu kama miligramu 340 kwa gramu 100, ngano haifiki hata theluthi moja ya hiyo. Mkate wabaki nao binti na wewe mnaotoka mbio, na mdogo aonje tu jioni mkirudi. Nadhani mama akiombwa hivyo, maneno kuhusu mkate yatapungua yenyewe. Na kadi ya mdogo ya kliniki itoe uitazame. Kama hajapimwa uzito na urefu miezi miwili mitatu iliyopita, mpeleke, na uwaombe waangalie damu yake, kwa sababu ya hiyo chai. Halmashauri ina afisa lishe, muulizie hapo hapo kliniki, ushauri wake haulipiwi.

La ukungu halina mjadala. Kinachoonekana kwenye kona ni sehemu tu, nyuzi zake zimeshapenya kwenye mkate laini mbali kuliko jicho linavyoona. Kukata pale hakusaidii. Tupa mkate wote, usinuse kuujaribu, na ukaushe chombo ulichouwekea kabla ya kuweka mwingine. Ukiona kila mara unaota kabla hamjaumaliza, nunua nusu. Na usiwape kuku.